Babu Alisema Nimalize

Baba yangu aliitisha kikao cha ukoo kumjadili mume wangu, na kosa la mume wangu lilikuwa kwamba hamchapi binti yetu.

Hakulisema hivyo. Baba hana desturi ya kusema jambo moja kwa moja. Alimpigia simu baba mdogo, baba mdogo akanipigia mimi, akasema tupande mlimani wote watatu wiki ya Krismasi, tusikose, maana kuna maneno ya kifamilia. Nilijua ni maneno gani. Siku chache kabla, baba alikuwa ameshuka kwetu Maore na mkungu wa ndizi, akamkuta binti yangu amekaa mapajani mwa baba yake. Alikuwa na miaka saba wakati ule. Mume wangu alikuwa anamsimulia hadithi, akakosea mahali, na mtoto akamshika kidevu: "Hapana baba, umekosea. Hebu anza tena."

"Samahani mama," mume wangu akasema, akaanza tena.

Baba aliweka mkungu chini, akakataa chai, akaita bodaboda akarudi juu.

Mimi nimezaliwa na kukulia huko juu, kijiji kilicho milimani kupita Gonja, nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba na shamba la tangawizi. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mmoja wa wazee wa mfereji, wale wanaopanga zamu za maji yanayotoka kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji kabla ya kuyafungulia mashamba. Hakuwa mtu mkatili. Fimbo aliishika mara chache sana, kwa sababu hakuihitaji. Akikohoa nje, ndani tulikuwa tumeshanyamaza. Nilipokuwa darasa la tatu sikio langu lilioza ndani, likatoa usaha, nami nikalala upande huo huo kwa siku kadhaa ili asione, maana sikujua mtoto anaanzaje kumwambia baba yake kwamba anaumwa. Mama ndiye aliyenusa. Baba alinibeba begani hadi hospitali, njia nzima bila neno, na kule akanunua soda akanipa, akageuka kuangalia ukuta wakati ninakunywa. Ndivyo alivyotupenda. Alinipeleka chuo cha ualimu wakati wazee wenzake wanamcheka kwa kusomesha binti. Lakini sikumbuki hata siku moja aliyoniuliza, "Unajisikiaje?"

Mume wangu ni Mmakonde wa Newala. Alikuja tambarare ya kwetu kama fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, kwenye korona, jina tuliloupa mtambo wa kuchakata majani hata kabla ugonjwa haujaja kulichafua. Nilimpenda kwa sababu alikuwa anaongea. Alipopata mtoto, wanawake wa Maore walikuja mlangoni kwangu kushuhudia: mwanamume anaogesha, anabadilisha nepi, anamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge changu na kwenda naye dukani. Baba yangu alipoyasikia hayo alisema tu, "Kumbe nimeoza wawili." Maana yake, mkwe naye amemhesabu kuwa binti.

Nilimuuliza mume wangu siku moja, "Kwenu wanaume wote wako hivi?"

"Si wote. Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mkali ni mjomba. Mjomba akija, unatafuta pa kujificha. Baba ni wa kucheza naye." Akacheka. "Mimi nimeshafanya sehemu yangu, mwalimu. Ninamsubiri kaka yako aje afanye yake."

Hapo ndipo palipokuwa na shida ambayo hakuna aliyeiona mapema. Mume wangu alimsubiri kaka yangu aje amnyooshe mtoto, na ukoo wangu mzima ulimsubiri mume wangu. Kaka yangu mwenyewe alikuwa machimboni Geita, na kwa mila zetu sisi asingethubutu kumchapa mtoto wa mwenzake wakati baba yake yupo hai na amekaa kwenye kiti. Binti yangu akakua hana mtu wa kumwogopa.

Nami, kama mwalimu wa watoto wadogo, nilikuwa na wasiwasi wangu ambao sikuwahi kuusema mbele ya baba. Darasani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na akikosea hakuona aibu. Lakini hakujua kusubiri zamu. Akishindwa mchezo alijitupa vumbini akalia mpaka wenzake wakachoka wakaenda kwao. Akipewa kazi ngumu kidogo aliiacha katikati, akaja kusema imemshinda, kama vile kusema kulitosha.

Na kule juu kulikuwa na mtoto wa pili, kijana wa kaka yangu, mwenye miaka kumi, aliyelelewa na baba na mama baada ya ndoa ya kaka kuvunjika. Huyo alijua kukoboa, kufungulia maji, kupalilia tangawizi bila kukata mizizi. Ungemweka mahali ukamwambia subiri, ungerudi jioni ungemkuta. Hakuomba kitu. Wageni walimsifia sana. Mimi nilikuwa nikimtazama anavyokula, macho kwenye sahani, nikajiona mwenyewe.

Asubuhi ya kikao mvua ilinyesha, kisha ikaacha ghafla, na jua likatoka kali. Baba alimwita mjukuu wake, akamwambia akafyeke majani kando ya mfereji wetu hadi kwenye mpaka wa jirani, akimaliza aje kula. Binti yangu alimfuata binamu yake, amevaa viatu vya plastiki vya mama yangu. Mama alikuwa na chungu cha makande jikoni. Sisi tukaingia sebuleni: baba kwenye kiti chake, baba mdogo kando yake, mume wangu kwenye kigoda, nami kwenye mkeka karibu na mlango.

Baba mdogo aliomba, kisha akasafisha koo. "Mkwe wetu, hatujakuita kukugombeza. Wewe ni mtu mzuri, hunywi, kazi unafanya. Lakini mti hukunjwa ungali mbichi."

"Ni kweli, baba mdogo," mume wangu akasema.

"Mtoto anakwambia umekosea. Mbele ya mkweo. Na wewe unamwomba samahani."

"Nilikuwa nimekosea kweli."

Baba mdogo alimtazama baba, kama anayeomba msaada. Baba alikuwa anaangalia dirisha. Alipozungumza, alizungumza polepole.

"Mimi sina ugomvi na mila za kwenu. Lakini mtoto huyu anakaa nchi hii. Atakwenda kwa watu. Mtoto asiyemwogopa baba yake atamwogopa nani? Utamfundisha lini kuvumilia?"

"Baba, mimi sitaki aniogope. Nataka anisikilize."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, baba. Samahani."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia baba maneno hayo ndani ya nyumba ile. Baba mdogo aliinama akaangalia viatu vyake. Nilisikia nzi wakizunguka kwenye glasi za maji. Nilitamani mume wangu asiongeze neno, na papo hapo nikatamani aongeze.

Ndipo binti yangu akatokea mlangoni. Alikuwa peku, tope hadi magotini, anahema.

"Baba," akasema, akimtazama baba yake, "kaka..."

"Hapa pana wakubwa," baba yangu akasema. "Nenda jikoni kwa bibi yako."

"Bibi hayupo jikoni."

"Nimesema nenda."

Mwili wangu ulitii kabla yangu. Nilijikuta nimeshapiga goti moja, mkono umenyooka kumshika mtoto nimtoe nje. Yeye alirudi nyuma hatua moja ili nisimfikie, akashika fremu ya mlango.

"Siendi, babu. Mguu wa kaka umekuwa mkubwa."

Baba mdogo alipiga paja lake. "Mnaona? Mnaona sasa? Haya ndiyo tunayoyasema!"

Mume wangu alikuwa ameshasimama. "Mkubwa vipi, mama?"

"Kama shina la mgomba. Na ananiambia nisiseme."

Mume wangu alipita mbele ya baba yangu bila kuomba njia.

Tulimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya jiwe la kunolea. Panga lilikuwa kando yake, limeoshwa, limefutwa. Alikuwa amevua shati na kulizungushia mguu wa kulia, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alipotuona tunakuja wote, alijaribu kusimama.

"Kaa," mume wangu akasema, akapiga magoti. "Kuna nini hapa?"

"Mwiba."

Mume wangu alilifungua shati taratibu. Mguu ulikuwa umevimba kutoka kwenye vidole kupanda juu ya kifundo, ngozi imenyooka inang'aa, na karibu na kidole kidogo palikuwa na matundu mawili yanayotoa damu nyembamba kama maji.

"Kifutu," baba yangu akasema kutoka nyuma yetu. Sikuwahi kumsikia akiongea kwa sauti nyembamba vile.

"Amekuuma saa ngapi?" mume wangu akauliza.

Kijana hakumtazama yeye, alimtazama babu yake. "Mvua ilipoacha tu. Nilipoanza."

"Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Babu alisema nimalize."

Kijana akafikiri tunasubiri maelezo zaidi. "Sikumaliza, babu," akasema. "Pale kwenye mpaka nimeacha kidogo. Nisamehe. Nitamalizia kesho."

Nilimtazama baba yangu. Mzee aliyeongea kanisani, aliyeamua kesi za maji baina ya watu waliokuwa wameshikiana mapanga, alisimama pale kama mtu aliyesahau lugha.

Kisha akarudia kile alichokijua. "Jiwe la nyoka liko kwa jirani, ng'ambo ya korongo. Liletwe. Na kamba tufunge."

"Hatufungi kamba, baba. Na jiwe hatusubiri. Tunashuka hospitali."

"Mimi nimeona watu waliopona kwa jiwe."

"Nami nimemzika mwenzangu wa kazi kule korona aliyewekewa jiwe hilo hilo." Mume wangu alikuwa ameshatoa simu, anawapigia vijana wa bodaboda wa chini. "Mwalimu, nipe kitenge."

"Mkwe!" baba yangu akasema.

Walitazamana. Nilikuwa katikati yao, na nilijua mmoja akiniamuru nitafanya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilifungua kitenge kiunoni, nikabaki na sketi ya ndani, nikampa mume wangu mbele ya baba yangu.

Alimfunga kijana mgongoni, mguu ule ukining'inia. Binti yangu alitaka kuja nasi. Alipokatazwa alijitupa chini akapiga kelele, mama akatokea mbio na kuni kichwani asijue kulikoni, nami sikuwa na nafasi ya kumweleza. Tulisikia kilio cha mtoto mpaka tulipovuka mfereji.

Bodaboda walisema kwenye kona ya juu tope haliruhusu, watatusubiri chini yake. Njia ile ninaijua tangu utoto, lakini siku hiyo ilikuwa utelezi mtupu, maji mekundu yanakimbia katikati. Mume wangu alitangulia, akichimba kisigino kila hatua. Nilifuata nimeushika mguu wa kijana usigonge mawe. Nilitarajia baba abaki. Nilipogeuka alikuwa nyuma yetu, na fimbo yake, hana kofia, amevaa kandambili alizokuwa nazo sebuleni.

Kijana hakulia. Alikuwa anapumua kwa meno, na mguu ulikuwa unazidi kujaa mikononi mwangu, ninauhisi, moto kama ugali uliotoka jikoni. Kila mume wangu alipoteleza, mwili wa mtoto ulikazana wote, lakini sauti haikutoka.

"Lia, mwanangu," mume wangu akamwambia. "Lia tu. Hapa hakuna wa kukucheka."

Kimya.

"Piga kelele. Ukiumia sana nataka nisikie, nijue niko wapi."

"Siumii," kijana akasema.

Nilihofia kimya kile kuliko uvimbe. Sikuweza kujua anavumilia au anatutoka. Nilimwita, akafumbua macho, akayafumba. Nilimwita tena, hakufumbua. Nadhani mume wangu aliisikia sauti yangu ilivyobadilika, maana alisimama, na wote tukasimama palepale kwenye mteremko.

Baba alitufikia. Alikuwa na tope hadi kiunoni, inaonekana alianguka na hatukumsikia. Alimshika mjukuu wake kichwani, kiganja kizima, kama anavyopima papai mtini.

"Lia," akasema.

Kijana akafumbua macho.

"Mimi babu yako nimesema. Lia."

Na akalia. Alilia kwa kutii, kama alivyofyeka, kama alivyokoboa. Mwanzo ilikuwa sauti ndogo ya kulazimisha, halafu kitu kikaachia ndani yake, akalia mlima mzima ukasikia, akimwita mama yake ambaye hakuwa amemwona tangu akiwa mdogo sana. Alilia njia yote hadi kwenye kona. Baba alitembea kando yake, mkono bado juu ya kichwa, akiteleza, akiinuka, akirudisha mkono palepale.

Bodaboda mmoja alimchukua mume wangu na kijana, mwingine alitupakia mimi na baba mshikaki. Hospitali ya kwanza walimtundikia dripu na kumpa dawa walizokuwa nazo, kisha gari la wagonjwa likampeleka Same. Tulizunguka milima kwenye barabara ya tambarare, mkonge kushoto na kulia, na mimi nimekaa kwenye sakafu ya gari nikihesabu pumzi zake kwa macho. Baba hakuuliza chochote. Mara moja tu, tulipovuka daraja, alisema kwa Kipare, kama anayezungumza na mtu mwingine, kwamba hajui ni kwa nini mtoto hakumwita.

Alinusurika. Daktari alisema jambo moja ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile: kwamba angekuwa mtoto wa kurukaruka na kupiga mayowe, pengine sumu ingekimbia zaidi. Utulivu wake ulimsaidia, na utulivu huo huo nusura umzike. Kidole kidogo walikikata, na nyama ya juu ya mguu ilioza, ikachukua majuma mengi kujaa.

Baba na mume wangu walikaa kwenye benchi la nje ya wodi kwa siku kadhaa kwa zamu ambazo hawakuzipanga, kisha wakajikuta wanakaa pamoja. Nilikuwa naleta uji asubuhi moja nikawasikia kabla hawajaniona.

"Nani alikufundisha kumbeba mtoto vile?" baba aliuliza.

"Baba yangu."

"Na fimbo ulipigwa na nani?"

"Mjomba. Tena sana, baba. Nina alama mgongoni mpaka leo."

"Basi ninyi mligawana kazi," baba akasema. "Mimi nilikuwa peke yangu. Nikaona nikicheka, nani atabaki kuwa mkali?"

Mume wangu alichukua kikombe kwangu, akampa baba kwanza, kwa mikono miwili.

Kaka yangu alifika kutoka Geita kwa basi. Nilijua amekuja na hasira, alikuwa ameniambia kwenye simu atakayomwambia mzee, na yalikuwa maneno mazito. Alifika kwenye korido, akamwona baba, akasema, "Shikamoo baba." Baba akasema marahaba. Basi. Mwanamume mwenye ndevu, anayeshuka chini ya ardhi kila siku, alisimama pale akimeza mate. Baadaye nilimkuta nyuma ya jengo la kufulia, analia mbele ya mume wangu, mtu wa nje, kwa sababu mbele ya baba hakuweza.

Tulipotoka hospitali kijana alikuja kukaa kwetu Maore, karibu na zahanati ya kusafishia kidonda. Nilifikiri mume wangu angefurahi kupata mtoto wa kiume wa kucheza naye, lakini ilikuwa miezi migumu. Kijana alisimama kila mume wangu alipoingia chumbani, kwa mguu mbovu, akishika ukuta. "Kaa, mimi si askari," mume wangu alimwambia, naye alikaa ukingoni mwa kiti tayari kusimama tena. Hadithi alizisikiliza kwa adabu. Alipoulizwa kidonda kinauma, alisema hapana. Tulijifunza kumsoma kwenye chakula: akiacha ugali, anaumwa.

Siku moja binti yangu alimwaga mafuta ya taa kwenye unga kwa uzembe tu, na mume wangu, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku, alimpigia kelele. Sijawahi kumsikia vile. Kabla hajamaliza, kijana alikuwa amechechemea akasimama mbele ya binti yangu, amegeuza mgongo kwa mume wangu, amekunja mabega, anasubiri fimbo. Mume wangu alitoka nje. Nilimkuta ameshika mti wa mwarobaini kwa mikono yote miwili.

"Alidhani nitampiga," akasema.

"Alidhani utampiga binti yako. Ndiyo maana alisimama."

"Wetu asingesimama kwa ajili ya mtu," akasema. "Angekimbia, akaja kunisimulia vizuri."

Sikubishana naye. Tangu hapo alianza kufanya kitu ambacho kwake kilikuwa kigumu kuliko kufungua mtambo mzima wa korona. Binti yetu akishindwa, hakwenda kumwokota. Alimpa kazi ya kufagia uwanja, na alipokuja katikati kusema imemshinda, alimjibu, "Nimesikia mama. Inachosha. Bado kona ile." Mtoto alilia, akamwita mbaya, akakaa chini. Mume wangu alikaa mlangoni mikono mifukoni. Jioni ilikaribia kuingia ndipo mtoto alipochukua fagio tena. Hakuna aliyempigia makofi.

Baba alishuka kila juma na ndizi au tangawizi. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mjukuu wake na kuuangalia mguu. Kumuuliza mtoto mwenyewe hakuweza. Akauliza, "Mguu unasemaje?"

"Mzima, babu."

Juma lingine tena, "Mguu unasemaje?" Na jibu lile lile. Binti yangu alikuwa anamnong'oneza binamu yake, "Mwambie ukweli," naye anamkanyaga kwa mguu mzima. Kidonda kilipokauka, kijana alisema anataka kurudi juu. Mimi na mume wangu tulipinga. Akatuambia kwa utaratibu, macho chini, kwamba babu amezeeka na mfereji ukiziba hakuna wa kuuzibua. Kaka alikubali. Nilimpeleka mwenyewe, na sikulala vizuri kwa muda mrefu.

Sasa yuko kidato cha kwanza, shule ya bweni upande wa Same. Anachechemea kidogo akichoka. Juzi, katikati ya muhula, simu ya matroni iliingia nikiwa darasani. Nilitoka nje nikijua kwamba kwa mtoto yule, shule ikipiga simu, mambo yameshaharibika.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini? Matroni yuko wapi?"

"Yupo hapa. Nimemwomba simu." Nilisikia watoto wakicheza nyuma yake. "Ninaumwa, shangazi. Kichwa na viungo. Tangu jana."

Nilikalia ngazi ya darasa. Nilimwambia aende kupimwa malaria, anywe maji, nitakuja kesho.

"Sawa. Shangazi, usimwambie babu."

Nilimwambia babu jioni hiyo hiyo.

"Amesema mwenyewe?" baba akauliza.

"Mwenyewe. Ameomba simu kwa mdomo wake."

"Haya," akasema, akakata.

Nilipofika shuleni kesho yake baba alikuwa ameshafika kabla yangu, kwa basi la alfajiri. Mlinzi aliniambia mzee alisimama getini muda mrefu, mfuko wa ndizi mkononi, na alipoulizwa anamtafuta nani na kwa shida gani alijibu kwamba hana shida, amekuja kuuliza tu. Niliwakuta wamekaa kwenye benchi la wodi ndogo ya wagonjwa. Kijana alikuwa amejifunika shuka, anatetemeka kwa homa, na baba alikuwa amegeuka pembeni anaangalia ukuta.

"Kichwa kinasemaje?" alikuwa anauliza.

"Kinauma, babu," kijana akasema. "Kinauma sana."

Baba aligeuka akamtazama. Alimenya ndizi, akampa.